Binti wa mafunzo kwa vitendo anatakwa na msimamizi anayemsainia logibuku: nianzie wapi?

MamaWawili_Tabata ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu wanaoifahamu sheria, au waliowahi kusimamia jambo la namna hii hadi likafika mwisho, kwa sababu siku zilizobaki ni chache mno kwa kubahatisha.

Mimi ni karani mwandamizi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo, na safari hii tumepokea wanne, wavulana watatu na binti mmoja wa miaka 21. Binti huyo amepangwa kitengo cha nyaraka chini ya msimamizi ambaye ndiye anayesaini logibuku yake, yaani daftari la kumbukumbu za kazi za mafunzo, kila wiki, na ndiye atakayejaza fomu ya tathmini inayorudishwa chuoni ndani ya bahasha iliyofungwa. Bila fomu hiyo hana alama, na bila alama atalazimika kurudia fildi mwakani huku wenzake wakiendelea.

Jumatatu iliyopita alinikuta jikoni ninachemsha chai, akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayeruhusiwa kusaini logibuku. Nilidhani ni swali la utaratibu tu, lakini nilipomtazama usoni nilifunga mlango nikamwambia akae. Alinieleza kwamba wiki mbili za kwanza msimamizi alikuwa akimwita mwanangu. Wiki ya tatu akaanza kumtaka abaki baada ya saa kumi na moja jioni ili wapange mafaili, akamshika kiuno mara mbili ndani ya stoo ya nyaraka, kisha zikaanza meseji za WhatsApp za saa nne na saa tano usiku. Meseji ya mwisho ilimtaka wakutane gesti siku ya Jumamosi "tumalizane na logibuku yako". Hakwenda. Tangu siku hiyo kurasa za wiki tatu zimekaa bila saini, na kila akiuliza anajibiwa kwamba bado hajafanya kazi ya kutosha.

Sijalala vizuri tangu siku ile, na sababu ninaijua. Mwaka 2009 nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu katika ofisi nyingine, na mkuu wangu alinitaka kwa namna hiyohiyo. Mkataba wangu ulikaa mezani kwake hadi nilipochoka nikaondoka bila kumwambia mtu. Baadaye nilisikia kwamba dada aliyekalia kiti changu naye aliondoka. Nimebeba jambo hilo kwa miaka mingi, na sitaki kulibeba mara ya pili. Tena hapa kwetu mhudumu wa mapokezi aliacha kazi ghafla mwezi uliopita, akatuaga kwamba anakwenda kufanya biashara, na sasa ninajiuliza kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kweli.

Binti anaogopa kwamba baba yake aliyeko Morogoro akisikia atamwamuru aache chuo. Anaogopa pia kwamba chuo kitamwona mkorofi, na kwamba, kwa kuwa meseji za mwanzo alizijibu kwa adabu, ataonekana alikubali. Afisa utumishi wetu ni rafiki wa karibu wa msimamizi huyo, na mkurugenzi yuko safarini. Wenzangu wawili niliowadokeza, bila kumtaja binti, walisema amkwepe tu mpaka fildi iishe. Zimebaki siku 12 za kazi. Nianzie wapi, na mimi mwenyewe nikisema, nina ulinzi gani?

Wakili_wa_Ilala amejibu:

Dada yangu, pole sana, na umfikishie binti pole zangu. Nitajibu kwa kufuata uharaka wa mambo yenyewe, maana vitabu vya sheria vina mpangilio wao ambao haumsaidii mtu aliyebakiwa na siku 12.

Kwanza kabisa, mnyang'anyeni mtu huyo kalamu. Watu wengi tunaowahudumia huanza na swali la adhabu, yaani atafungwa miaka mingapi, wakati binti bado anaripoti kwake kila asubuhi na logibuku ingali mezani pake. Nguvu yote ya mtu huyu imo katika saini ile. Leo hii mwandikie mkurugenzi barua pepe, kwa kuwa safari haimzuii kusoma, na siku hiyohiyo binti mwenyewe, au wewe kwa idhini yake, amwandikie mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo chake. Ombeni jambo moja tu ambalo halihitaji uthibitisho wa kosa, nalo ni kwamba binti apangiwe msimamizi mwingine kuanzia kesho, na tathmini yake ijazwe na huyo mwingine. Kubadilisha msimamizi si kumhukumu mtu, kwa hiyo hakuna mkurugenzi mwenye busara anayeweza kusema anasubiri uchunguzi kwanza.

Pili, ushahidi. Asifute meseji hata moja, zikiwamo zile alizozijibu yeye. Picha za skrini zionyeshe namba, tarehe na saa, lakini simu yenyewe ndiyo ushahidi wa asili, kwa hiyo asiiuze, asiibadilishe laini wala kuisafisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa mahakamani, na mahakama itataka kujua ulitunzwaje tangu ulipotumwa. Pamoja na hayo, anunue daftari dogo aandike kila tukio kwa tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwa karibu. Kuhusu majibu yake ya adabu, asijilaumu. Binti aliyejibu "sawa baba, usiku mwema" kwa mtu anayeshikilia alama zake hajakubali chochote. Ameonyesha adabu aliyofundishwa kwao, na mtu mzima aliyepaswa kuiheshimu ameitumia vibaya.

Tatu, makosa yenyewe. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinamgusa anayemsumbua mwenzake kingono kwa maneno au vitendo, akiwamo mwenye mamlaka mahali pa kazi. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru mwathirika alipwe fidia. Yale ya stoo polisi watayatazama pia kama shambulio la aibu. Kisha kuna rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mtu mwenye mamlaka anayedai ngono, au kumshurutisha mtu kuitoa, kama sharti la kumpa ajira, cheo, haki au upendeleo, na kama kilivyotungwa adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ninaomba mlisome vizuri neno "kudai". Binti hakwenda gesti, na kutokwenda kwake hakumwokoi aliyedai, kwa sababu dai lenyewe ndilo kosa. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU, yaani taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113 bila malipo au katika ofisi zao za Ilala, Kinondoni na Temeke, na upande wa polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, asiishie kaunta ya mbele ambako kila anayepita anasikia.

Nne, sheria ya kazi. Mwanafunzi wa fildi kwa kawaida hana mkataba wa ajira, kwa hiyo sitamshauri aanzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Lakini wewe na yule mhudumu wa mapokezi ni waajiriwa, na hapo jambo linabadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji unaotokana na jinsia kuwa ni ubaguzi, tena inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Ulizeni mpango huo uko wapi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinatambua kwamba mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono, au kwa sababu mwajiri alishindwa kumlinda, anaweza kuhesabiwa kuwa amelazimishwa kuacha kazi. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzenu, muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30, wakati migogoro mingine ina siku 60, na akichelewa itabidi aombe kuongezewa muda kwa kueleza sababu. Mpigie simu leo, lakini usimweleze habari za binti bila ruhusa ya binti mwenyewe.

Kuhusu wewe, ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na sheria ya ajira nayo inasema kwamba kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kuitoa si sababu halali ya kukuachisha kazi. Sitakudanganya, hata hivyo: hakuna kifungu kitakachokukinga na kununiwa au kunyimwa salamu asubuhi. Jiandae kwa hilo. Msaada wa kisheria bila malipo unapatikana kwa wanasheria wanawake wa TAWLA, kwa WLAC, yaani kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, na kwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote wakiwa hapa jijini.

Kijana_Kigogo amejibu:

Pole, mama. Ninaona sheria ni safari ndefu. Kwa nini zile meseji zisitumwe kwa mke wa msimamizi, au kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, ili aone aibu na kuacha? Watu wa aina hiyo wanaogopa aibu kuliko mahakama.

Wakili_wa_Ilala amejibu:

Ndugu yangu, ninaelewa hasira yako, lakini tafadhali msifanye hivyo. Meseji zikifika kwa mke, jambo la kazini litageuka ugomvi wa ndoa, na msimamizi atakuwa wa kwanza kusema kwamba yeye na binti walikuwa wapenzi waliokosana. Zikifika kwenye kundi, jina la binti litazunguka mji mzima kabla ya jua kuzama, na mtuhumiwa atageuka mlalamikaji wa kuchafuliwa jina. Zipelekwe tu kwa wenye mamlaka ya kuchukua hatua.

Mwalimu_Temeke amejibu:

Mama Wawili, mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kata, Temeke, na nimefundisha kwa miaka 19. Swali alilokuuliza binti pale jikoni, kama kuna mtu mwingine anayeruhusiwa kusaini, limenigusa kwa sababu ninalifahamu kwa sura nyingine. Msichana wa kidato cha pili huja ofisini kwangu akauliza kama mwenzake anaweza kupeleka madaftari kwa mwalimu fulani badala yake. Miaka ya nyuma nilikuwa ninamjibu kwamba zamu ni yake, apeleke. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na ninapolikumbuka hilo ninaumia, kwa sababu mtoto hasemi "ninabughudhiwa". Huja na swali dogo la utaratibu, anakutazama usoni, na usipomwona anaondoka na halirudii tena.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Katika darasa langu la wasichana 40, hesabu hiyo ni kama wasichana 12. Ninapoita mahudhurio asubuhi huwa ninakumbuka.

Shuleni kwetu tulibadilisha mambo machache ambayo hayakuhitaji fedha. Madaftari hayapelekwi tena nyumbani kwa mwalimu wala kwenye ofisi ya mtu mmoja. Yanaachwa chumba cha walimu, na wanaoyapeleka ni wawili. Masomo ya ziada hufanyika darasani, milango ikiwa wazi, na hayazidi saa kumi na moja. Jambo lililonifundisha zaidi ni sanduku la maoni. Lilikuwa limening'inizwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule, ufunguo akiwa nao makamu wake, na kwa mwaka mzima tulipata karatasi za malalamiko ya chakula peke yake. Tukalihamishia upande wa vyoo vya wasichana, na ufunguo tukampa matroni pamoja na mzazi mmoja wa kike kutoka bodi ya shule, hivi kwamba halifunguliwi mpaka wawepo wote wawili. Wiki ya kwanza zilipatikana karatasi tatu. Moja ilimhusu konda anayewashika wasichana mlangoni mwa daladala, nyingine ilimhusu dereva wa bodaboda anayewapa lifti kisha akawadai namba za simu, na ya tatu ilimhusu mmoja wetu. Huyo wa tatu alihamishwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kumhamisha mwalimu wa namna hiyo ni kuwapelekea watoto wa wenzetu tatizo lililotushinda, wakati Tume ya Utumishi wa Walimu ipo kwa ajili ya nidhamu na polisi wapo kwa ajili ya jinai.

Niongeze neno kwa wazazi wanaosoma hapa. Jamii yetu imeizoea ile adhabu ya miaka 30 ya kumpa mimba mwanafunzi kiasi kwamba watu wengi wanadhani kosa huanza siku tumbo linapoonekana. Kabla ya hapo wanasema "ni maneno tu", au familia mbili zinakaa kikao na kuyamaliza kwa mbuzi na fedha taslimu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki, na mzazi hana mamlaka ya kusamehe jinai kwa niaba ya Jamhuri. Namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Waandikieni ndani ya jalada la daftari.

Binti wako, mama, ni mtu mzima kisheria, lakini nina hakika hakuanza kufundishwa kunyamaza hapo ofisini kwenu.

Mzee_wa_Kurasini amejibu:

Nimesoma yote, na ninaandika kama mwanaume aliyesimamia watu kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Awali nilitaka kuandika kwamba tuwe waangalifu, kwa sababu mtu anaweza kusingiziwa na jina lake likaharibika. Hofu hiyo ninayo kweli na sitaificha. Lakini nilipokumbuka miaka yangu kazini, sikumbuki hata mtu mmoja aliyesingiziwa katika idara yangu, ila ninamkumbuka mmoja ambaye sote tulimjua, tukawa tunamcheka pembeni, na wasichana wawili wakaondoka. Nilikuwa na cheo cha kumzuia. Sikumzuia, kwa kuwa alikuwa mchapakazi na mimi nilikuwa ninahitaji kazi zangu ziishe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwa wasimamizi wenzangu. Utaratibu unaomlinda binti ndio huohuo unaomlinda msimamizi mwaminifu. Tathmini ya mwanafunzi isainiwe na watu wawili. Stoo iwe na mlango wenye kioo. Maelekezo ya kazi yapite kwenye kundi la kitengo, na baada ya saa za kazi pasiwe na meseji ya mtu mmoja kwa mmoja kwenda kwa mwanafunzi. Mwanaume asiye na nia mbaya hapotezi chochote kwa masharti hayo, na anayeyapinga kwa nguvu aulizwe anapoteza nini. Na wale wenzako wawili waliosema binti amkwepe tu, waambie kwamba kukwepa nako ni kazi, tena kazi asiyolipwa na wala hakuja kujifunza.

NiliwahiKusema amejibu:

Shikamoo Mzee, na asante kwa ukweli wako.

Mimi niliwahi kulalamika kazini, si katika kampuni ya dada, na ninaomba kuongeza jambo moja ambalo sheria haikuliandika. Nilitakiwa nieleze tukio langu mara tano: kwa mkuu wa kitengo, kwa afisa utumishi, kwa kamati, kwa kamati tena baada ya kuongezwa mjumbe, na kwa mkurugenzi. Kila mara nilisimulia mbele ya wanaume waliokaa upande mmoja wa meza, nami peke yangu upande wa pili. Mara ya nne nilisahau kama ilikuwa Jumanne au Jumatano, na kusahau huko ndiko kulikoandikwa kwenye ripoti.

Tafadhali, aandike maelezo yake mara moja, kwa utulivu, akiwa na mtu anayemwamini, asaini, abaki na nakala. Akiitwa, atoe maandishi hayo kwanza. Na asiende peke yake hata siku moja.

MamaWawili_Tabata amejibu:

Ninawashukuru sana, na Mzee wa Kurasini, shikamoo. Maneno yako niliyasoma mara mbili, maana mwaka 2009 nami nilikuwa na mkuu wa idara aliyeona na kunyamaza, na sikuwahi kumsikia mtu wa nafasi yake akikiri.

Zimepita siku nne, hivyo ninaleta taarifa. Nilimsomea binti ushauri wote, nikamwambia kwamba uamuzi ni wake na sitapeleka jina lake mahali popote kabla hajasema ndiyo. Aliniomba usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi yake aliniambia tumwandikie mkurugenzi na chuo, na tuliandika kama wakili alivyoelekeza, tukiomba jambo moja. Jibu la mkurugenzi lilikuja siku hiyohiyo kwa mistari michache: binti ahamie kitengo cha hesabu chini ya mama mmoja mtu mzima, na msimamizi wa awali asiwasiliane naye kwa njia yoyote. Ameunda pia kamati ya watu watatu, na afisa utumishi ametakiwa asiwemo. Mratibu wa chuo alikuja mwenyewe jana. Zile kurasa za wiki tatu zitasainiwa na mkuu wa hesabu kwa kutumia daftari la mahudhurio na nyaraka alizoandaa binti, ambazo zina jina lake na tarehe. Nilidhani mratibu angemlaumu. Alimwomba radhi kwamba chuo hakikumpa namba ya kupiga tangu siku ya kwanza.

Yule mwenzetu wa mapokezi nilimpigia bila kutaja habari za mtu. Nilimuuliza tu kama aliondoka kwa amani. Alikaa kimya muda mrefu kisha akalia. Ilikuwa siku ya 26 tangu aache kazi, na kesho yake tulikwenda pamoja kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuchukua fomu.

Wenzangu watatu hawanisalimii, kama wakili alivyonitahadharisha. Baba wa binti bado hajaambiwa, lakini mama yake ameambiwa, na kesho anapanda treni ya asubuhi kutoka Morogoro ili tuongozane sote watatu hadi Dawati la Jinsia, na baada ya hapo TAKUKURU.

Jana jioni binti alikaa mezani kwangu akaandika maelezo yake kwa mkono, kurasa nne. Alipofika kwenye ile meseji ya Jumamosi aliandika kwamba msimamizi alimwomba wakutane. Akasimamisha kalamu, akaniuliza kama aandike "aliniomba" au "alinidai". Nilimwambia aisome tena meseji yenyewe. Aliisoma, akakata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika "alinidai" juu yake, kisha akaweka saini yake ndogo pembeni.